Mawese Ndani ya Difu

Jumanne, 11 Juni 2002

Jumamosi Furaha anaolewa, na gari litakalombeba ni langu! Papa Ngongo, baba yake, amekubali mbele ya watu. Akaongeza kwamba nikimfikisha binti yake bila aibu, wazee wangu waje tuzungumze habari ya Safi, mdogo wake. Nikishindwa, nisitaje tena jina la Safi. Sawa kabisa. Sina wasiwasi.

Gari liko nyuma ya nyumba hapa Kimanga, chini ya turubai, na juu ya turubai nimeanika ndagala. Askari wakija kuwinda magari wanaona samaki, wanapita. Akili hiyo ni yangu mwenyewe. Chini ya ndagala: rangi ya bluu, turbo, na magurudumu manne yanayovuta yote kwa pamoja. Lilivuka ziwa kutoka Kigoma. Hyacinthe, mwenye ile kamionete, pikapu iliyochoka, anasema ni gari la kuchezea. Wivu mtupu.

Jambo moja dogo. Likikata kona linaguna na kurukaruka. Likienda moja kwa moja, kimya. Kwa nini kona tu? Nimelizungusha uani mpaka kichwa kikaniuma, nikisikiliza. Ajabu sana.

Jumatano, 12 Juni

Amekuja fundi Protais. Kabla ya salamu akauliza kwa nini tairi za mbele ni mpya na kubwa, za nyuma zina upara. Nikamweleza ukweli: vita imefunga barabara, zimepatikana mbili tu, na gari la arusi watu hulitazama kwa mbele.

Akasema magurudumu ya gari hili yamefungamana tumboni. Ya mbele yanapiga hatua ndefu, ya nyuma fupi. Difu ya katikati, inayoyagawia nguvu, inaungua kwa kuamua ugomvi wao. Akataka turudishe nne zinazofanana, hata kama zote zimechakaa. Maelezo matamu! Nimemwomba ayarudie. Ila tairi za upara mbele ya bibi arusi, hapana.

Nilitaka kuuona huo ugomvi kwa macho. Tukainua nyuma juu ya mawe, kama Hyacinthe anavyofanya na kamionete yake, nikatia gia. Magurudumu ya nyuma yakazunguka hewani vizuri. Kisha ya mbele, yaliyokuwa chini, yakakumbuka kazi yao. Gari likaruka kutoka kwenye mawe, likapita ua wa jirani, Mama Libérate, likasimama ndani ya muhogo wake aliouloweka. Protais anadai alinionya. Alinionya, lakini kwa sauti ndogo. Mama Libérate amenisema kwa Kirundi muda mrefu. Nimeelewa jina langu tu.

Alhamisi, 13 Juni

Nimewaza. Difu inaguna kwa sababu kona inachukua muda. Gari likipita kona upesi, difu itapata wapi nafasi ya kuguna? Basi nimeziba kimrija kinachopunguza upepo wa turbo. Sasa inapuliza bila kizuizi. Nimejaribu kidogo: shingo ilibaki nyuma. Kitu chini kikasema "tak". Mara moja tu.

Baya ni kwamba oili ya difu imevuja tangu ule mruko wa jana. Oili nzito hutoka Bujumbura, na hakuna anayepita, milio ya risasi inasikika tangu alfajiri upande wa Mutarule. Hyacinthe anayo kopo moja. Ametuma neno kwamba atanipa nikienda kumwomba kwa adabu. Mimi? Nimwombe Hyacinthe? Heri nife.

Ijumaa, 14 Juni

Mawese! Ni mazito, mekundu, yanateleza. Mama zetu wanayachemsha maisha yao yote na sufuria haijavunjika. Nimejaza difu mpaka juu. Mguno umekwisha kabisa. Protais amesimama akitazama, halafu akaniomba nisimtaje kwa mtu yeyote.

Jumamosi, 15 Juni

Papa Ngongo alikaa mbele, pembeni yangu. Furaha na shangazi yake nyuma. Katika ukoo wao bibi arusi huzungushwa soko la Mulongwe mara tatu, na gari halisimami wala halirudi nyuma. Likisimama, ni kama arusi imesimama.

Mzunguko wa kwanza, likaanza kuguna. Papa Ngongo akauliza nini kinalia. Nikasema turbo inashangilia. Wa pili, harufu. Shangazi akauliza nani anakaanga samaki. Moshi ukatoka chini ya viti, soko zima likageuza pua. Wa tatu nikaona kona ya mwisho, nikakanyaga mafuta yote. Turbo ikapuliza, na chini pakalia kama masufuria yametupwa ngazini. Injini inanguruma, gari halisogei hata kidole! Kelele zote zile, na hakuna gurudumu linalozunguka. Nguvu zinakwenda wapi? Niliuliza kwa sauti. Papa Ngongo alinisikia.

Kamionete ya Hyacinthe ikapita ikitambaa bila kusimama, mashangazi wakampandisha Furaha ikiwa inatembea, na arusi ikaendelea. Askari wakaja, wakasema gari ni lao. Wakakaa, wakakanyaga, wakalisukuma mpaka kona, wakalitupa pale. Hata wezi wamelikataa. Nililia mbele ya soko zima.

Jumapili, 16 Juni

Usiku vijana walilisukuma gari mpaka uani, nami leo sikutoka nje ya ua. Protais amefungua tumbo la gari. Meno ya gia yamelala ndani ya mawese kama punje za mahindi, na chuma kimekuwa bluu kwa moto. Anasema ni tairi, ni turbo, ni mawese. Nikamuuliza kati ya hivyo kipi hasa chenye kosa. Akakusanya funguo zake, akaenda nyumbani.

Jioni Safi amekuja na shangazi, amesimama mlangoni. Baba yake ana hasira, lakini Furaha ameniombea kwake, kwa sababu alicheka njia nzima. Wazee wangu watapokelewa, mara moja hii ya mwisho.

"Minye siolewi na motokari," akasema. "Mukuje kesho kutwa, kwa miguu. Weye, Tariki, usilete kitu yenye iko na moteri inalia."

Nimeapa. Kwa moyo wote. Nampenda sana huyu msichana.

Jumanne, 18 Juni

Baba mkubwa ana goti bovu. Wazee wawili wengine wamevaa kanzu mpya, na njia ina vumbi. Kwa miguu, watu watasemaje?

Lakini kutoka kwangu mpaka kwa Papa Ngongo ni mteremko mtupu, na mteremko hauhitaji moteri! Tumelisukuma gari mpaka barabarani, tukazuia gurudumu kwa jiwe. Injini imezimwa, kama nilivyoapa. Wazee wamekwisha kuketi. Protais amekimbia kuja kusema kitu kuhusu breki na injini iliyozimwa, kwamba breki zinakuwa ngumu kama jiwe, hazikanyagiki. Kweli? Kwa nini? Jambo hilo sijawahi kulisikia. Nataka sana kulijua.

Baba mkubwa anauliza ninaandika nini wakati tunangojewa. Mlango wa Papa Ngongo unaonekana kutoka hapa, mwisho kabisa wa mteremko. Naondoa jiwe.