Kikwembe Kisichoonekana

Jumamosi, tarehe 24 Februari 2001

Mkurugenzi wa masomo amekimbilia Kampala na familia yake. Hakuaga mtu. Ofisi yake iko tupu! Ina mlango wenye ufunguo, dirisha linalotazama ziwa, na kiti chenye mikono. Miaka kumi na mmoja nafundisha mantiki katika lycée, sekondari hii ya Ibanda mjini Bukavu, na miaka yote hiyo nakalia benchi. Nani anastahili kile kiti? Mimi, Cirhuza. Si Modeste wa jiografia, ambaye kazi yake ni kuonyesha mito kwa fimbo.

Préfet wetu, yaani mkuu wa shule, Papa Léopold, ndiye atakayeteua. Lakini Papa Léopold hana usemi nyumbani kwake. Anayeamua ni mkewe, Maman Consolate. Naye ana udhaifu mmoja: vikwembe. Si vikwembe vya hivi hivi. Vitenge halisi vya Uholanzi, vile vilivyouzwa hapa kabla ya vita.

Kwangu kipo kimoja. Ni cha Valérie, mke wangu. Rangi ya samawati, ndege wa manjano. Kimelala chini kabisa ya sanduku lake la bati, ndani ya gazeti. Kilikuwa cha mama yake. Nusu moja tulimzika nayo mwaka 1996, tulipokuwa tunakimbia kuelekea Walungu. Mimi mwenyewe nilishika jembe. Nusu ya pili Valérie aliibeba kifuani hadi tuliporudi. Mwaka 1998 waporaji walipoingia, aliificha ndani ya gunia la maharagwe. Redio yangu hakuificha.

Jumatatu, tarehe 26 Februari

Nimeijaribu hoja yangu darasa la sita kwanza. Niliandika ubaoni: «Kitenge hiki kimefungiwa sandukuni miaka mitano. Kwa hiyo si kizuri.» Nikawaambia kila hoja ina kanuni iliyojificha chini yake, na asiyeiona kanuni hiyo atadanganywa maisha yake yote. Waitafute. Joviale, msichana wa mstari wa mbele, akajibu kwamba kanuni ni hii: kizuri ni kile kinachoonekana. Sawasawa! Nilimpa alama zote. Kisha akauliza kama kanuni yenyewe ni ya kweli. Nikamwambia hilo si swali la leo.

Jumanne, tarehe 27 Februari

Nimeshindwa. Na mwanamke aliyeishia darasa la sita la msingi!

Nilimkuta Valérie anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nikamweleza polepole, kama mtu mwenye subira, nikamwambia naye aitafute kanuni iliyojificha. Uzuri ni kuonekana. Kikwembe chako hakionekani. Basi si kizuri, na mtu akitoa kitu kisicho kizuri hapotezi lolote. Hakuacha kutwanga. «Na Mungu, Papa Dany? Ulishaka muona? Basi haiko muzuri?»

Sikuwa nimejiandaa kwa upande wa teolojia. Nikageuza hoja. Nikasema kizuri ni kile kinachofaa, na kitu kilicholala bure hakimfai mtu. Valérie akainua macho akatazama tundu la risasi kwenye paa, lile nililoahidi kuziba mwaka juzi, na beseni lililo chini yake. Kisha akanitazama mimi. Nilitoka nje kutafuta hewa.

Jumamosi, tarehe 3 Machi

Nimekichukua.

Si wizi. Nimelipima jambo hili kwa makini. Mume na mke ni mwili mmoja, padri alisema mbele ya watu. Mwili hauwezi kujiibia. Valérie alikuwa amekwenda kuchota maji. Nilikunja shuka ya zamani, nikaiweka ndani ya lile gazeti, pale pale, uzito ule ule. Pembeni ya kikwembe kuna alama ndogo ya kuungua kwa pasi. Niliikunja kwa ndani.

Maman Consolate alinipokea sebuleni, kwenye kochi! Alikuwa amerudi jana kutoka Goma. Alipokifungua aliguna kwa furaha, akakishika shavuni. Akasema Papa Léopold amekuwa akinitaja sana siku hizi. Modeste amewahi kukaa kwenye kochi lile? Sidhani.

Jumatatu, tarehe 5 Machi

Valérie ameleta habari kutoka parokiani. Kila mwaka, Machi 8, Siku ya Wanawake, akina maman hushona kikwembe kipya cha sare na kutembea nacho, wamependeza. Mwaka huu wamekataa. Hakuna kipya, hakuna hereni, hakuna midomo ya rangi. Watavaa nyeusi, wote, wakae uani parokiani bila kuimba, kwa ajili ya waliokufa na watoto waliochukuliwa na wenye bunduki. Yeye hataenda, amesema, kwa sababu hana kitambaa cheusi. Nikamwambia asijali, apumzike. Nilisema kwa upole mkubwa. Nani alisema mimi si mume mwema?

Jioni nilimkuta Maman Consolate getini kwake. Alikuwa Goma akina maman walipokutana kuamua, na akina maman hawampendi kiasi cha kumpelekea habari. Aliniuliza kama nimesikia sare ya mwaka huu ni ipi. Nilijua. Lakini fikiri! Wanawake mia tatu katika nyeusi, na mmoja katikati yao katika samawati. Ataonekana kutoka kila pembe ya uwanja. Na kizuri ni nini? Nikamwambia mwaka huu kila mtu anavaa alicho nacho, avae kile kipya, hakuna jicho litakalompita. Akacheka. Akasema mtu msomi anajulikana.

Alhamisi, tarehe 8 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nilisimama kwenye lango la parokia na Papa Léopold, bega kwa bega, kama watu wa uongozi. Ua ulikuwa mweusi wote. Kimya. Hata watoto hawakulia. Maman Consolate akaingia na samawati yake, kilemba, hereni, viatu vya kisigino. Hatua tano hivi, akasimama. Hakuna aliyemwambia kitu. Walimtazama tu, mia tatu, na kweli hakuna jicho lililompita.

Hapo ndipo nikamwona Valérie. Katika nyeusi! Aurore, mke wa Modeste, alikuwa amekuja na vitambaa viwili, akamwazima kimoja. Modeste huyo huyo. Hata mkewe ananiandama.

Valérie aliinuka. Hakupiga kelele. Alikwenda akashika pindo la kikwembe, akalifunua, akaitafuta ile alama ya pasi kwa kidole gumba mpaka akaipata. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha akasema, kwa sauti ambayo hata sisi wa langoni tuliisikia:

«Pole, maman. Haiko kosa yako. Nusu ya hii kikwembe tulizika nayo mama yangu.»

Maman Consolate alikaa chini, pale pale kwenye vumbi, na viatu vyake. Akaanza kukifungua, akabaki na sketi ya ndani mbele ya parokia nzima, na Aurore akavua kikwembe chake cha juu akamfunga. Nyeusi. Maman Consolate akamrudishia Valérie ile samawati, akaketi kati yao, akalia pamoja nao. Nilisikia baadaye kwamba na yeye ana kaka aliyepotea njia ya Shabunda. Hakuwahi kuniambia. Ningejuaje?

Papa Léopold akanigeukia. Aliuliza taratibu sana: «Bwana Cirhuza, ile kikwembe ulitosha wapi?» Nikamjibu kwamba swali lake lina kanuni iliyojificha, yaani kwamba kila kitu hutolewa mahali. Aliondoka kabla sijafafanua.

Ijumaa, tarehe 9 Machi

Kiti amepewa Modeste. Hakuomba! Alikuja mwenyewe kuniambia kwamba hakuomba, na kwamba anasikitika, na kwamba akipata benchi bora ataniletea. Nimemchukia kuliko jana.

Darasani Joviale aliinua mkono. Akasema ameendelea kufikiri juu ya ile hoja ya kitenge. Kwa kanuni ile, mtu aliyezikwa naye si mzuri tena, kwa sababu haonekani, na yeye hakubali. Baba yake alizikwa Oktoba. Darasa zima likaniangalia. Niliwapa zoezi la kuandika. Kisha nikafuta ubao uliokuwa tayari mtupu.

Jumamosi, tarehe 10 Machi

Valérie ameondoka na mwanetu Dany, wamekwenda kwa dada yake Bagira.

Nilimwambia hana hoja. Alikuwa anafunga mzigo. Kikwembe alikuwa amekivaa, kwa mara ya kwanza tangu Walungu. Kilimkaa vizuri, nakiri. Akaacha kamba, akanitazama usoni.

«Ulisemaka nitafute ile principe yenye kujificha. Nimeipata, Papa Dany. Kitu ikiwa yangu, haiko muzuri. Ikifika kwa bibi ya Préfet, njo inakuwa muzuri. Ni ile tu. Hauna ingine.»

Nikamwambia kwamba kwa mtu asiyesoma mantiki, amekosea kwa namna ya kuvutia. Dany hakunipa mkono. Waliteremka njia ya basi, na ile samawati niliiona mpaka kona ya mwisho. Nilisimama mlangoni muda mrefu. Iliniuma. Naandika hivyo kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu.

Jumapili, tarehe 11 Machi

Mvua. Beseni limejaa, nimelimwaga mwenyewe.

Nimeipitia hoja yangu tangu mwanzo. Haina kosa! Kikwembe kilipofichwa, hakuna aliyekisifu. Kilipoonekana, Bukavu nzima inakizungumzia. Kanuni imethibitika. Walioharibu ni watu.

Na kuna jambo jingine. Valérie hakuweza kubeba kila kitu. Sanduku lake la bati ameliacha. Niliinama kulitazama: bati nene, bawaba nzima, kufuli inafanya kazi. Baba yake alimnunulia alipoolewa. Sasa limekaa tupu chumbani, hakuna anayeliona, na kitu kisichoonekana tunajua hali yake.

Nimesikia kwamba bintiye Mkaguzi wa shule anaingia internat, bweni la masista, Septemba, na masista hawampokei mtoto bila sanduku la bati. Mkaguzi ana mamlaka juu ya Préfet. Na juu ya wakurugenzi wa masomo.

Kwenye kifuniko kuna jina, VALÉRIE, kwa herufi nyeupe, mkono wa baba yake. Rangi ya kijani itatosha kulifunika. Nimepaka mara ya kwanza leo mchana. Jina bado linasomeka kidogo. Kesho napaka mara ya pili.