Nilimpeleka Amina kwa fundi wa pepo, nikafunikwa mimi

Leo nimeaibika mchana kweupe, wenzangu, na hasira bado haijanitoka.

Mnamjua Amina wangu. Chuoni, anakosoma Kurani, hatulii. Jana mwalimu alitoka kutawadha, aliporudi akakuta mtoto ameziosha mbao zote za kuandikia za wenziwe. Somo zima limekwenda na maji! "Zilikuwa chafu," akasema. Basi leo asubuhi mwalimu kaja mlangoni kwangu, hata kukaa hakukaa. "Mwanao ana pepo. Mpaka atazamwe, chuoni asirudi." Tena kwa sauti ya adhana, kijiji kizima cha Kau kisikie.

Pepo! Mtoto wangu! Nikaapa nitamtazamisha kimyakimya huko Kipini, kwa fundi wa pepo asiyetujua, kisha nimrudishie mwalimu maneno yake. Majirani nikawaambia shangazi yangu anaumwa. (Shangazi, nisamehe. Najua u mzima.) Nikamtia Amina mtumbwini, na njia nzima akawa ananimwagia maji ya mto miguuni.

Fundi mwenyewe, Bi Zena, alitupokea vizuri. Akamkalisha Amina mkekani, akafukiza ubani, wanawake watatu wakaanza kuimba na kupiga makofi. Na Amina akatulia! Mtoto asiyetulia hata usingizini! Kakaa anatazama moshi tu. Nikafurahi, nikainua macho niwaangalie waimbaji.

Wa mwisho ni nani? Mke wa mwalimu! Nilisahau kwamba kwao ni Kipini.

Damu ikanichemka. Nikatetemeka mwili mzima. Nikaupiga mkeka kwa kiganja, nikasimama, nikapiga ukelele: "Toka! Toka hapa!"

Makofi yakazidi. Bi Zena akanigeukia. "Subhanallah! Kumbe yuko kwa mama!"

Sijafumba mdomo, nimeshafunikwa shuka gubigubi. Na ada mnaijua: ukishafunikwa, neno si lako tena, ni la pepo.

"Karibu, bwana mkubwa," Bi Zena akasema kwa adabu. "Wataka nini?"

"Sitaki kitu! Nifunueni!"

"Mkali hoyo," mke wa mwalimu akasema.

"Mimi ni mama yake Amina!"

"Wote husema hivyo," Bi Zena akawaeleza wenziwe. "Hujificha kwa jina la mwenye mwili."

Nikarusha teke, chetezo cha ubani kikapinduka. Wakapiga vigelegele. Nikaona basi, potelea mbali. "Na huyo mwalimu ni mwongo! Mjuaji! Mpayukaji!"

Makofi yakakatika. Kisha nikamsikia mke wa mwalimu, polepole: "Lo! Hapo pepo yuwasema kweli."

Walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi ndani ya shuka, jasho linanitiririka, nalia kwa hasira.

Waliponifunua, Bi Zena akatoa hukumu. "Mtoto mzima. Arudi chuoni. Wa kuletwa tena ni mama." Mke wa mwalimu akasema atamwambia mumewe yeye mwenyewe. Tukarudi mtumbwi mmoja, yeye mbele, mabega yanamtikisika kwa kicheko hadi Kau.

Kwa hiyo kesho Amina anarudi chuoni, nilichotaka nimekipata. Lakini naomba msicheke. Hata kuwakasirikia siwezi tena: nikipandisha sauti tu, Amina anakimbilia shuka anifunike.