Kumi na Tano Kila Upande

Jumatatu, 3 Machi
Nimeshtuka. Rukaiya, muuza usipa wa sokoni Mbinga, kanifungia samaki kwa gazeti kuukuu, na kwenye gazeti kuna chemshabongo. Mraba wa visanduku tisa. Ujaze moja mpaka tisa, kila mstari utoe kumi na tano. Jibu lilikuwa chini, linanuka samaki. Nane, moja, sita. Tatu, tano, saba. Nne, tisa, mbili. Nimejumlisha kwenda chini: kumi na tano! Mshazari: kumi na tano! Mke wangu Walburga kasema nile, chakula kinapoa. Nani ana njaa?

Jumanne, 4 Machi
Leo nimesimama juu ya mteremko wetu hapa Mkumbi, nikatazama ngolo zetu, mashimo ya kulimia yaliyopangana safu kwa safu. Mwili ukanisisimka. Visanduku! Nyasi nililaza mwenyewe, mstari huu na mstari wa kukatiza, Walburga akafukia udongo juu, na hakuna aliyeona kwamba wazee walituachia mraba wa siri. Bwana shamba anasema ngolo ni za kuzuia mmomonyoko. Maskini.

Shamba lenyewe ni la mama mkwe, Mama Bonifasia wa Kitura. Tarehe 16 anakuja kukagua. Maharage yakiota vizuri, shamba ni letu moja kwa moja. Yakiwa ovyo, anapewa Alphonce, kaka yake Walburga, ambaye tayari ameshakuja mara mbili kulipima kwa hatua. Fisi yule!

Jumatano, 5 Machi. Majivu
Walburga kaenda kanisani. Mimi nimesingizia tumbo. Kupanda ni kazi ya wanawake, najua, ndiyo maana haijawahi kupigiwa hesabu. Shimo la kwanza viganja vinane vya mbegu, la pili kimoja, la tatu sita, hivyo hivyo mpaka mwisho wa mraba. Kisha mraba mwingine. Debe zima la mbegu za mama mkwe limeishia mraba wa nne! Shamba lina mashimo themanini na moja, yaliyopata mbegu ni thelathini na sita. Nimehesabu upya. Halafu nimeelewa: nguvu ya mraba itasambaa.

Walburga karudi na majivu usoni, akachungulia debe, akakaa chini palepale. Alichosema baadaye siwezi kukiandika siku ya kufunga.

Jumatano, 12 Machi
Yameota! Ila shimo la viganja tisa yamebanana, yamevimba, yanaoza. Linanuka. Shimo la kiganja kimoja yamesimama kistaarabu. Haiwezekani! Nimejumlisha upya mara tatu. Kumi na tano. Kosa si langu.

Jumapili, 16 Machi
Siku mbaya. Mama Bonifasia kafika baada ya misa, Alphonce nyuma yake. Nimempigia shikamoo nikiwa nimeinama kabisa. Kaitikia, akatazama mteremko, akauliza mbegu zake zimeliwa na nini. Nikamweleza mraba. Nikamtembeza mstari kwa mstari, hata mshazari. Akasikiliza mpaka mwisho, akihesabu kwa vidole.

Kisha akauliza: je, ningetia viganja vitano vitano kila shimo, isingekuwa kumi na tano kila upande?

Nikachora mraba mavumbini. Tano, tano, tano. Chini, tano, tano, tano. Mshazari! Mama huyu hakumaliza darasa la nne!

Shamba kapewa Alphonce, palepale, mbele yangu. Walburga kalia, na mimi roho imeniuma kumwona. Mama yake akamhurumia, akampa kipande kidogo kijitoni chini ya mteremko, kando ya kahawa yake, na mbegu nyingine. Nafasi ya mwisho, kasema. Walburga apande. Mimi nilaze nyasi tu, nisiguse mbegu. Nimeapa.

Jumatano, 19 Machi
Mbegu sijagusa. Lakini kuhusu nyasi sikuapa lolote! Asubuhi nikinoa panga nimegundua jambo la kutisha: moja, moja, mbili, tatu, tano, nane. Kila namba ni jumla ya mbili zilizotangulia! Nimelaza nyasi hivyo hivyo. Shimo la kwanza upana hatua moja, la sita hatua nane. La saba, hatua kumi na tatu, halikuenea kwenye kipande, ikabidi ning'oe mibuni minne tu ya Mama Bonifasia. Alphonce kasimama kwenye shamba lake jipya akauliza kama nachimba bwawa la perege. Wivu mtupu!

Walburga bado hajaona. Jumapili mama yake anakuja tena kukagua. Safari hii atakayeshtuka ni yeye.