Wavu Wangu na Mitungi ya Foleni

Jumatano, 12 Machi
Mama amepiga simu kutoka Machakos. Anakuja Jumapili. Macho yanamfifia, anataka kuliona bwawa letu mara ya mwisho. Bwawa alimonifulia sare za shule! Ukiingia majini uliviona vidole vyako vya miguu. Matanga meupe ya mashua yakizunguka, nami mabegani mwa baba. Siku zile, jamani! Leo ni magugu na mifuko. Nilimwambia aje tu, maji yanang'aa. Sasa lazima yang'ae.

Alhamisi, 13 Machi
Nimebuni mtambo! Wavu wa chuma unaoelea kwa mitungi, unakinga kijito kabla hakijaingia bwawani. Taka zinabaki, maji yanapita. Hata bahari kule Malindi itanishukuru, maana uchafu wetu wote huteremka na mto Athi hadi huko. Wavu ninao, wa kitanda cha wageni. Mke wangu Kathini hajaulizwa. Phanuel, seremala jirani, alicheka mpaka akaketi. Akasema, Makau, wacha jokes, hiyo ni kitanda. Wivu tu.

Ijumaa, 14 Machi
Mitungi imepatikana! Bomba la mtaa wetu, Makina, limekauka, na pale pana mitungi mingi imejipanga bila mtu. Nikachukua ya mbele, ndiyo mizuri. Nikaifunga wavuni, nikashusha kijitoni. Unaelea! Nilitokwa na machozi. Nilikumbuka mashua ya bati aliyonitengenezea baba, ilivyoelea bwawani siku nzima, watu wakiishangilia.

Jumamosi, 15 Machi
Maji yamerudi bombani. Wenye mitungi pia. Kumbe ilikuwa foleni! Mimi, niliyezaliwa hapa, niliyetumwa na mama kuacha mtungi pale pale, nilisahau kwamba mtungi kwenye laini ni mtu. Phanice, mmoja wao, aliuona wake, wenye kitambaa chekundu shingoni, ukiwa umebeba nepi ya mtoto. Alipiga nduru hadi Makina nzima ikatoka. Alisema alikuwa wa kwanza, sasa ni wa mwisho, na kwamba bora ningeiba mtungi nikamwachia nafasi. Wakakata kamba, kila mtu akaondoka na wake. Wavu ukazama.

Mchana mvua ikashuka. Wavu ukanasa kwenye mawe, taka zikajaa, maji yakapanda hadi karakana ya Phanuel. Mbao zake zilielea vizuri kuliko mtambo wangu. Hajanisemesha tena. Kathini naye amekiona kitanda. Afadhali Phanuel.

Jumapili, 16 Machi
Mama amefika. Nilimshika mkono mpaka ukingoni. Akauliza matanga yako wapi. Nikasema Jumapili hayatoki. Akacheka. Akasema macho ndiyo yamezeeka, pua bado nzima. Niliona haya sana, nikamwambia yote, hata kitanda. Akasema hakufuata maji. Alitaka kusimama tena mahali aliposimama na baba. Basi tukasimama, kwenye harufu ile, na kwa kweli nilifurahi.

Nikamkumbusha ile mashua ya bati. Mama akashangaa. Akasema ilizama pale pale ilipowekwa, na baba akaapa kwamba kosa ni udogo wa mashua, akaunda kubwa zaidi kwa bati la paa la jikoni. Nayo ikazama. Tulinyeshewa jikoni msimu mzima.

Mama amelala kitandani na Kathini. Mimi niko sakafuni.

Jumatatu, 17 Machi
Nimemsindikiza mama stendi. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko zamani, na njia nzima ya kurudi nilimuwaza baba. Mzee yule alikuwa na akili! Kosa ni udogo. Hata isingekatwa, mitungi isingeweza kubeba wavu wakati wa mvua.

Nyuma ya kanisa la kina Phanuel kuna tangi jeusi kubwa la maji. Nimelizunguka mara mbili. Halina foleni.