Almasi ya Bububu

Jumatatu, 7 Machi 1955
Nimeokota almasi! Kwenye kifusi cha kisima, Bububu. Kubwa kama kungumanga, angavu kama maji. Kazija wangu! Ijumaa mama yake, Bi Mwatima, ataamua posa baina yangu na Borafya, muuza ndimu wa chumba cha pili. Nimenunua ndimu kwake, nikazikamua, nikalilaza jiwe humo, kama mabibi wanavyong'arisha masinia. Likatoa povu. Uchafu huo. Borafya akauliza ndimu zote hizi za nini. Yamhusu nini?

Jumanne, 8 Machi
Jiwe limepungua! Pembe zimekwisha, mng'ao umefifia. Mtu analichonga. Nimetia kufuli mpya, nikazidisha ndimu.

Jumatano, 9 Machi
Limepungua tena. Kufuli haikuguswa. Fundi huyu Borafya! Nikalipeleka kwa Pandu, sonara. Akalikwaruza kwa senti kumi ya tundu, likachubuka. Eti almasi haichubuliwi na senti, yenyewe ndiyo hukata kioo. Nikamtazama machoni. Analitaka yeye.

Ijumaa, 11 Machi
Kwa Bi Mwatima, baada ya sala. Borafya keshakaa, kanzu imepigwa pasi. Nikatoa shikamoo, nikaomba kioo, nikakikwaruza kwa jiwe mbele ya wazee. Mstari mweupe! Nikasimama nipokee hongera. Bi Mwatima akapangusa kwa ncha ya kanga: mstari haupo, kioo kizima. Ulikuwa unga wa jiwe lenyewe. Kazija, nyuma ya pazia, akasema Bwana Kificho, yaani mimi, aulizwe kama unga huo wafaa kupigia mswaki. Kwa hasira nikaligonga jiwe barazani. Likapasuka vipande kama visanduku, vyote vimeinama upande mmoja kama vilivyokatwa kwa kipimo. Wazee wakacheka. Posa ya Borafya ikakubaliwa.

Jumamosi, 12 Machi
Borafya kaja, mpole, na halua. Kaapa hajagusa jiwe langu. Eti ni la jamii ya chokaa, na ndimu ndizo zilizolila. Niliponunua fungu la pili alitaka kunambia, nikamfungia mlango. Mfanyabiashara anasingizia bidhaa yake mwenyewe! Hapo ndipo nilipomshika. Halua nimekula, lakini sikudanganyika.

Haidhuru. Jana nilikuwa na almasi moja, leo nnazo tele. Zimeingia vumbi la baraza, nimezilaza zote bakulini, mlango nimeukalia mwenyewe. Zinatoa povu vizuri.

Ndimu, safari hii, nimenunua kwa mtu mwengine.