Bwana Retikulamu na Kamati ya Viwanda

Wananchi wote, kuanzia Msamvu hadi vijiji vya mlimani Uluguru, walitangaziwa kwa gari la vipaza sauti kwamba ni marufuku mtu yeyote kumiliki, kuendesha au kuficha mwilini mwake kiwanda cha protini bila kibali cha Kamati ya Viwanda Visivyosajiliwa. Tangazo hilo niliandika mimi, Geofrey, Katibu wa Kamati. Lilikuwa tangazo zuri. Lilikuwa na nukta pacha tano.

Wapo waliocheka. Kwa kuwa kicheko hakijawahi kujenga hata choo, naeleza hapa mambo yalivyokwenda.

Jumatatu moja nilikwenda duka la vifaa vya ofisi la Bi Chandrika kutoa kopi za fomu ya kuombea fomu. Ukutani palining'inizwa bango jipya, wino haujakauka: RETIKULAMU ENDOPLAZIMU, KIWANDA KILICHOMO NDANI YAKO. PROTINI USIKU NA MCHANA. HAKUNA LIKIZO.

"Mama Shivani, hili la nani?"

"La Mwalimu Mwanaasha, anayemfundisha Shivani wangu bayolojia. La siku ya wazazi. Kopi ngapi?"

"Kiwanda hiki kina leseni?"

Alinitazama kwa juu ya miwani. "Geofrey, nimeuliza kopi ngapi."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Abdulatif, mtu mkubwa wa mwili na wa sauti, aliyewahi kuifunga chemchemi moja kule mlimani kwa kosa la kutokuwa na saa za kazi. Aliisikiliza taarifa yangu akiwa amefumba macho.

"Huyu Retikulamu Endoplazimu," akasema, "ni raia wa wapi?"

"Kwa majina, mheshimiwa, si Mluguru."

"Na anafanya kazi usiku! Kafunge."

Kesho yake nilipanda na lakiri, kufuli na mashuhuda wawili hadi shule ya Mwalimu Mwanaasha, pale mji unapoishia na mgomba unapoanza. Nilimkuta maabara, vidole vyeupe kwa chaki, amezungukwa na kidato cha nne. Kwenye hadubini palikuwa na kipande cha kitunguu.

"Mwalimu, kiwanda kiko wapi?"

"Kipi, Katibu?"

"Cha Bwana Retikulamu."

Wanafunzi wakainamisha vichwa, mabega yakawa yanatetemeka. Yeye hakucheka. Alichukua chaki akachora seli ubaoni, na ndani yake vijia na vifuko vilivyokunjana kama shuka lililotanduliwa kitandani.

"Ndicho hiki. Ni kidogo mno, hata kwa hadubini yetu hakionekani. Humu ndimo protini za utando zinamoshonwa. Zikiiva zinasafirishwa hadi kwenye utando, ile ngozi nyembamba ya seli, zinakaa pale kama mageti. Zinaruhusu kinachohitajika, zinazuia kisichohitajika."

"Bila barua ya mtendaji wa mtaa?"

"Bila barua."

Niliandika: hakuna udhibiti.

"Udhibiti upo," akasema, maana alikuwa anasoma maandishi yangu kichwa chini. "Protini iliyokunjwa vibaya haitoki humu. Inazuiliwa, inajaribiwa tena, ikishindikana inavunjwavunjwa."

"Haihamishiwi kituo kingine?"

"Haihamishwi."

"Wala haipandishwi cheo?"

"Katibu, inavunjwa."

Nikaona hapo pana ukatili ambao Kamati haiwezi kuunyamazia. Nikauliza mmiliki yuko wapi. Mwalimu akaninyooshea kidole tumboni.

"Ni wewe. Unavyo mamilioni kwa mamilioni."

"Mimi ni mtumishi wa umma! Siruhusiwi kuwa na kiwanda hata kimoja."

"Basi una tatizo, kaka yangu," akasema kwa upole.

Nilifunga maabara. Niligonga lakiri, nikatia ufunguo mfukoni, nikamkabidhi barua ya kujieleza. Hapo ndipo uso ulipombadilika.

"Jumanne ijayo watoto wana mtihani wa vitendo," akasema. "Hawa wamekaa miaka minne wakisubiri kushika hii hadubini. Nifunge mimi, maabara uiache."

Nilimwambia kwamba yeye hakuwa kwenye orodha ya vitu vya kufungwa. Akakaa kwenye ngazi ya maabara, kitunguu mkononi. Wakati nateremka mlima nilijisikia vibaya, ila sikuwa na fomu ya hali hiyo.

Nilimweleza Mwenyekiti kwamba kiwanda kimo ndani ya kila mtu. Mwingine angeahirisha jambo hapo hapo. Mheshimiwa Abdulatif si mtu wa kurudi nyuma. Hata akiwa kwenye gari huwa anazunguka mtaa mzima kuliko kupiga rivasi. Alhamisi aliitisha Kamati, na tukapitisha kwa kauli moja: mwenye kiwanda mwilini asiingie ofisi yoyote ya manispaa mpaka awe amesajiliwa. Usajili ungefanyika ofisini. Mwishoni aliongeza kwa mkono wake mwenyewe, "bila kujali cheo, na atakayekiuka avuliwe wadhifa." Tulimpigia makofi mpaka viganja vikawaka.

Jumatatu asubuhi, manyunyu ya Uluguru yakiteremka, Mwenyekiti, nami nikimfuata nyuma, alikuta geti la ofisi limefungwa. Mlinzi wetu, Furaha, alikuwa amesimama nje na nakala ya agizo ndani ya mfuko wa plastiki.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba. Fungua."

"Una kiwanda?"

"Furaha, usinichoshe."

"Hapa imeandikwa bila kujali cheo. Na sahihi hii, kama sikosei, ni yako."

"Wewe mwenyewe je? Huna seli?"

"Ninazo, mzee wangu. Ndiyo maana na mimi niko huku nje nanyeshewa. Sheria ni msumeno."

Mwenyekiti aligeuka kunitazama. Nikasoma agizo tangu juu hadi chini nikitafuta upenyo. Nililiandika vizuri mno. Upenyo haukuwepo. Kulifuta kulihitaji kikao, kikao kilihitaji ukumbi, na ukumbi ulikuwa upande wa pili wa geti. Wajumbe walifika mmoja mmoja, wakajipanga ukutani. Akina mama walioteremka na ndizi kutoka Kinole wakatua mizigo yao wapate kutazama. Bi Chandrika alifunga duka, akaja na mwavuli wake.

Saa sita akatokea Mwalimu Mwanaasha, viatu vimejaa tope jekundu.

"Katibu, nimefuata ufunguo. Mtihani ni kesho."

Nilitaka kukataa. Lakini kukataa rasmi kunahitaji mhuri, na mhuri ulikuwa mezani kwangu, ndani. Nilipapasa mfuko. Ufunguo ulikuwa wa moto kwa kukaa na mwili wangu. Nikampa. Niliona macho yake yanajaa machozi, nikajifanya nasoma agizo.

"Mwalimu," Mwenyekiti akaita, kofia inamdondoshea maji puani, "wewe ni mtaalamu. Nani anaweza kuingia humu kihalali?"

"Asiye na seli hata moja, mheshimiwa."

"Kama nani?"

Mwalimu alichungulia kupitia nondo za geti na dirisha la ukumbi lililoachwa wazi. "Kama kile kiti chako cha plastiki."

Akina mama wa Kinole walicheka wakashikana mabega. Mimi nilitimiza wajibu wangu. Nilitoa daftari nikaandika muhtasari wa siku hiyo: Aliyehudhuria, kiti. Aliyetoa udhuru, mwenye kiti.

Ilipofika alasiri, miguu ilimshinda Mheshimiwa Abdulatif. Akaomba, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, angalau kile kiti kitolewe kwa ndoano kupitia dirishani, akikalie hapo nje.

Furaha alilitafakari ombi hilo kwa haki yote, kisha akatikisa kichwa.

"Kiti kikitoka, mheshimiwa, ofisini atabaki nani?"