Ngozi Haiingii Mjini

"Wananchi mnatangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu mji wa Babati unakuwa wa kisasa. Kila mtu atulie mahali alipo wakati usasa unaingia."

Ndivyo ilivyosomwa amri ya Kamati ya Kudumu ya Mavazi ya Heshima na Sura ya Mji, kwa kipaza sauti cha bati, kutoka juu ya Landrova ya Kamati. Petroli haikuwepo, kwa hiyo Landrova ilisukumwa na wananchi wale wale waliokuwa wakitangaziwa, kutoka Bagara hadi sokoni. Penye mteremko tangazo lilipita kasi mno, na watu wa hapo mpaka leo hawajui walikatazwa nini.

Msomaji alikuwa Katibu wa Kamati, Ndugu Melkiadi, mzaliwa wa Dareda, mtu mwenye sauti ya mhubiri na kaunda suti moja. Suti hiyo ilikuwa na viraka viwili nyuma, vimekaa sambamba kama macho, ndiyo maana watu wa mjini walisema Katibu anakuona hata akikupa kisogo. Wilaya ilikuwa changa, imemegwa juzi tu kutoka Hanang, na mgeni mkubwa alikuwa njiani kutoka Arusha kuja kuikagua. Melkiadi aliota kwamba mgeni akipendezwa atamhamishia huko Arusha, mahali ambapo, kwa habari alizokuwa nazo, sabuni ilikuwa ikionekana kwa macho.

Amri yenyewe ilikuwa fupi: Ngozi haiingii mjini. Haikumtaja mtu, maana Kamati haibagui. Ilitokea tu kwamba waliokuwa wakivaa ngozi ni wanawake wa Kibarabaig, na ilitokea tu kwamba Melkiadi hakutaka mgeni awaone. Hakuwa na chuki nao hata kidogo. Aliwaita Mang'ati kama mji mzima ulivyowaita, jina walilobandikwa na Wamasai, maana yake adui. Alilitamka kwa upendo.

Kizuizi kiliwekwa barabara ya Singe: gogo la mkaratusi juu ya mapipa mawili, na mgambo mmoja aitwaye Paskasi, mtu mtiifu hadi anakera. Siku ya kwanza Paskasi aliomba ufafanuzi.

"Ndugu Katibu, ni ngozi ya kiunoni tu, au hata ya miguuni?"

Melkiadi alitazama miguu ya Paskasi, ikiwa ndani ya katambuga za tairi la lori. Akatazama yake, ikiwa ndani ya raba iliyofungwa kwa waya. Kiatu cha ngozi Babati kilikuwa kimebaki kwenye picha za harusi.

"Sheria ni msumeno, Paskasi. Ngozi ni ngozi. Kikipita hata kipande, kazi huna."

Paskasi alipiga saluti na kuanza kukereza. Kabla ya saa sita alikuwa ameshazuia ngoma ya kwaya, ile iliyokuwa ikipelekwa mazoezini kwa ajili ya kumpokea mgeni, kwa sababu ilikuwa imevaa ngozi juu na chini. Mwalimu wa kwaya alikwenda kulalamika. Melkiadi akaamua kwamba Paskasi yuko sahihi na kwamba mgeni atapokelewa kwa makofi. Kwenye hoteli ya Natalia, pale wanapokaa vijana wasio na kazi na wenye maneno, ikasemwa kwamba kuanzia kesho kila anayeingia mjini atachunwa kwanza.

Jumanne asubuhi akafika Udagwenga. Alikuwa amevaa ile sketi ya ngozi ya mwanamke aliyeolewa, yenye kanda nyingi nyembamba zinazocheza anapotembea, na mkononi ameshika kibuyu cha maziwa. Melkiadi alikuwepo kukagua msumeno wake, akaamua kuushughulikia mgogoro huo yeye mwenyewe, kitaalamu.

"Mwanangu Gidamara yuko wodini," Udagwenga alisema. "Uji wa njano anautema. Anakunywa haya tu."

Uji wa njano ni wa ule unga wa msaada ambao watu waliuita Yanga. Hata Melkiadi alikuwa akiutema, ila kwa faragha.

"Hakuna tatizo, mama. Vua hiyo ngozi, vaa nguo, pita."

"Nguo iko wapi?"

"Dukani, kwa kibali."

"Kibali kinatoka wapi?"

"Ofisini kwangu. Mjini."

"Basi niache niende mjini nikakichukue."

"Mjini huwezi kwenda ukiwa na ngozi."

Melkiadi akampa mwenzake nafasi aonje uzuri wa utaratibu huo. Haukuwa na upenyo popote.

Udagwenga alimtazama, kuanzia raba hadi kipara. "Na hiyo uliyovaa wewe, hiyo iliyofunika nyama, ni kitambaa gani?"

Paskasi akageuka na kuanza kumkagua Katibu kwa macho ya kazi. Melkiadi alimwambia aache upuuzi.

Lakini Kamati ilikuwa na huruma. Ilikuwa imetenga magunia ya ule ule unga wa msaada, yamepigwa chapa MSAADA HAUUZWI, yakatobolewa tundu la kichwa. Melkiadi akaleta moja na kumweleza mama huyo kwamba ngozi haina maandishi na gunia lina maandishi, kwa hiyo anayevaa gunia ameshapiga hatua moja kuelekea kisomo. Udagwenga akamjibu kwa utulivu kwamba sketi hii alivishwa siku ya kuolewa, kwamba haivuliwi barabarani kama kofia, na kwamba mwanaume haitii mkono.

Melkiadi alikuwa amehudhuria semina. Alinyoosha mkono kuonyesha jinsi gunia linavyoweza kufungwa juu yake, vidole vikanasa kwenye zile kanda, akavuta. Ukanda mmoja ukakatika.

Udagwenga aliinama, akaokota kile kipande, akakifunga kwenye kidole.

"Umeshika," alisema. "Sasa si mimi tena utakayeongea naye."

Aliomba tu kibuyu kipelekwe wodini. Paskasi akakichunguza, akaona kinaning'inia kwenye mkanda wa ngozi, akatikisa kichwa kwa huzuni. Maziwa yakarudi yalikotoka.

Kesho yake alfajiri barabara ya Singe ilikuwa imejaa wanawake wa Kibarabaig wamekaa chini, fimbo mapajani. Melkiadi alidhani ni maandamano, akajiandaa kuyapiga marufuku. Kumbe lilikuwa baraza. Lilikuwa na mwenyekiti, bibi mmoja mfupi ambaye hakuna aliyegombania naye cheo. Lilikuwa na ajenda moja. Na lilimaliza kikao bila posho, jambo ambalo Melkiadi hakuwahi kulishuhudia katika utumishi wake wote.

"Baraza hili limesajiliwa wapi?" aliuliza.

Udagwenga akatafsiri. Bibi akauliza kwanza ile Kamati ya Katibu ilisajiliwa na nani.

"Na serikali."

"Letu limesajiliwa na wanawake," lilikuja jibu. "Hao watu wa serikali walizaliwa na nani?"

Hukumu: mwanaume aliyekata sketi atatoa fahali mweusi, mnene, asiye na doa, wanawake wamchinje na kumla. Mpaka atakapotoa, maziwa hayaingii mjini, samli haiingii, na hakuna mwanamke atakayemwitikia salamu.

Melkiadi alicheka. Kufika saa nne mji mzima ulikuwa unakunywa strungi, chai isiyo na maziwa, na kumtazama yeye. Natalia alimpitishia kikombe pembeni bila neno, kama mtu anavyomwekea mbwa. Wanawake wa Sigino na Singe, wengine Wairaqw, wengine Wagorowa, walifika kizuizini na mahindi yao, wakauliza kuna nini, wakaelezwa, wakatua mizigo na kukaa. Mwishowe akashuka kwenye lori mama yake mzazi, Mama Melkiadi, ametoka Dareda na kikapu cha viazi.

"Shikamoo mama."

Mama akampita. Melkiadi akarudia kwa sauti zaidi, akidhani ni masikio. Mama akasikiliza habari yote kutoka kwa wanawake kwanza, kisha akasogea na kumwangalia.

"Ile ngozi ya bibi yako iliyokubeba mgongoni, uliikojolea," alisema. "Haikukushtaki."

Akaenda kukaa nao. Na viazi vyake.

Mchana gari la mgeni likatokea, jeupe, linang'aa, na wajumbe wote wa Kamati wakaanza makofi. Paskasi hakupiga makofi. Alikuwa kazini. Alisimamisha gari, akachungulia ndani, akaona viatu vyeusi vya ngozi, mkanda wa ngozi na mkoba wa ngozi.

"Unanijua mimi ni nani?" mgeni aliuliza.

"Ndugu mgeni, amri haikumtaja mtu. Kamati haibagui."

Melkiadi alikuja mbio akipunga mikono, lakini Paskasi alimkumbusha mbele ya wote habari ya msumeno na habari ya kazi huna. Mgeni alivua viatu akitukana polepole. Akavua mkanda. Suruali yake ilikuwa imeshonwa enzi za sukari, na tumbo lililokuwa likiishikilia lilikwisha ondoka pamoja na sukari hiyo. Ikateremka. Wanawake wakainamisha nyuso kwa heshima, mabega yakitikisika. Paskasi, kwa utaratibu, akaleta gunia.

Mgeni alisimama barabarani, kifuani ameandikwa MSAADA HAUUZWI, akamwita Katibu.

"Kijana, wewe kabila gani?"

"Mwiraqw, mkubwa. Wa Dareda."

"Yaani Wambulu. Nilijua tu. Ninyi si juzi juzi mlikuwa mnavaa ngozi?"

Melkiadi alifungua mdomo aseme kwamba hiyo ilikuwa zamani, kwamba yeye ana kaunda suti, kwamba amehudhuria semina. Kisha akamwona mama yake, na kando ya mama yake Udagwenga na kile kipande kidoleni. Akajisikia ngozi yake yote, kuanzia kipara hadi kwenye raba, inamwasha.

Mgeni akadai angalau chai ya maziwa. Akaelezwa kwa nini hakuna. Akauliza faini ni nini na kama fahali huyo yupo.

"Yupo, mkubwa," Melkiadi alisema. "Lakini ni wako."

Fahali alikuwa nyuma ya ofisi, mweusi, amefungwa kwa ajili ya karamu ya jioni. Alipatikana kwa mchango wa hiari kutoka boma la mume wa Udagwenga, hiari iliyosindikizwa na mgambo wenye marungu. Mgeni alitazama gunia lake.

"Mpe huyo mama ng'ombe wake."

Fahali akaja, akakabidhiwa, na Kamati ikakaa hapo hapo barabarani kufuta amri. Kila mtu akaafiki, isipokuwa Paskasi. Amri iliingia masikioni mwake kwa Landrova, akasema, kwa hiyo itoke kwa Landrova. La sivyo, viatu vinabaki kizuizini.

Petroli haikuwepo. Wananchi walipotafutwa kusukuma, walikuwa wametulia mahali walipo, kama walivyoagizwa.

Basi Kamati ikasukuma. Melkiadi nyuma kushoto, viraka vyake vikiwatazama watu. Mgeni nyuma kulia, miguu peku, gunia likipepea. Na Paskasi juu, na kipaza sauti. Kwenye kona ya kwenda hospitali wakakutana na Udagwenga na kibuyu chake. Melkiadi, jasho likimwingia machoni, akainua kichwa.

"Shikamoo, Mama Gidamara."

"Marahaba," aliitikia. "Sukuma, mwanangu."

Akasogea pembeni ya barabara, akatulia mahali alipo, mpaka usasa ulipokwisha pita. Kisha akaendelea kwenda wodini na maziwa yake.